cp imeziacha tagi zangu zote njiani, na haikusema neno

Wakuu, nina hasira na cp, amri ya kukopi faili kwenye Linux, mnivumilie.

Miezi minane nimekuwa nikiskani picha za studio ya marehemu baba, Tanga, miaka ya 1970. Picha 3,140. Folda hazikufaa, maana picha moja ni ya harusi, imepigwa Chumbageni, na ndani yake kuna watu wa koo mbili. Utaiweka wapi? Nikafuata ushauri unaosambaa kila mahali kwa watumiaji wa Linux: bandika tagi, yaani maneno ya kulitambulisha, kwenye faili lenyewe kwa amri ya setfattr, kama sifa ya ziada (xattr) yenye jina user.xdg.tags. Kila jioni shangazi anakaa pembeni yangu ananitajia majina, mimi naandika amri.

Mwezi uliopita nikabadilisha kompyuta. Nikahamisha kila kitu kwa cp -r, nikafungua picha kadhaa, zote safi, nikaifomati ya zamani nikampa mdogo wangu. Juzi nikapiga getfattr -d, amri ya kuzisoma tagi hizo, kwenye picha moja. Hakuna kitu. Nyingine, hakuna. Zote 3,140, hata tagi moja haipo!

Kumbe cp ikiachwa hivi hivi haibebi hizo sifa za ziada mpaka uiambie --preserve=xattr. Nikajipa moyo, nina nakala kwenye diski ya nje, ile niliikopi kwa cp -a, na -a inajaribu kubeba kila kitu. Diski ile imefomatiwa kwa exFAT. exFAT kwenye Linux haina pa kuziweka. Na hapa ndipo damu iliponichemka: mwongozo wa GNU, mradi wenye cp hii, unasema wazi kwamba kwa -a, ikishindwa kubeba sifa hizo, cp itapuuza na haitatoa ujumbe wowote. Yaani mtu alikaa akaamua hivyo. Kazi ya mtu inapotea na programu inanyamaza kwa makusudi. Mstari mmoja tu wa onyo ungeniokoa.

Haiishii kwa cp. rsync -a, amri nyingine ya kukopi, nayo haizibebi bila kuongeza -X. tar, ya kufunga faili nyingi kuwa moja, inataka --xattrs wakati wa kufunga na tena wakati wa kufungua.

Najua atakuja mtu na TMSU, programu nyingine ya tagi. Naijua. Yenyewe inaweka tagi kwenye hifadhidata yake ndani ya .tmsu, na inakumbuka faili kwa anwani ya mahali lilipo (path). Ukilihamisha kwa amri ya mv, inabaki inaelekeza pale pa zamani mpaka upige tmsu repair. Lakini angalau hifadhidata hiyo ni faili, unaliona, unalikopi popote, hata kwenye exFAT.

Ninyi mnaoandika maelekezo ya setfattr, mbona hili hamlisemi? Mnafundisha kubandika, mnaishia hapo. Kabla ya yote mwambieni mtu apige hii kila siku, inaziandika tagi zote kwenye faili la maandishi:

getfattr -R -d . > tagi.txt

Siku mambo yakiharibika, anasimama kwenye folda ile ile na kupiga setfattr --restore=tagi.txt, zinarudi. Mimi nimeijua baada ya msiba.

Nimeanza upya, nimefika picha ya 212. Shangazi majina mengine hayamji tena. Aliyataja mwezi wa pili bila kusita, sasa anaishika picha ananitazama mimi.

Mwenye njia ya kuzipata zilizopotea aseme. Na msiniambie ningeweka nakala. Niliweka, someni tena hapo juu.