Mrejesho: kauli ya RDF iliyogoma kufutika

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini rdflib, maktaba ya Python ya kushughulikia RDF (data inayoandikwa kwa kauli za sehemu tatu: kiima, kiarifu na shamirisho), inagoma kufuta kauli. Naandika g.remove((mji, RDFS.label, Literal("Mwanza"))), hakuna kosa linalotokea, lakini lebo (jina la mji) bado ipo kwenye g, yaani grafu yenye kauli zote.

Aliyeniambia nichapishe lebo kwa repr(), inayoonyesha thamani nzima na alama zake, badala ya kuamini macho, asante sana mkuu. Kumbe kwenye faili ilikuwa Literal("Mwanza", lang="sw"), yaani yenye alama ya lugha ya Kiswahili. Kwa RDF hizo ni thamani mbili tofauti, hata kama herufi ni zilezile, na remove ikikosa kinacholingana inanyamaza tu. Bora ingepiga kelele.

Nikaweka None kwenye nafasi ya shamirisho. Ikafuta, tena kupita kiasi: None hulingana na chochote, kwa hiyo lebo ya Kiingereza nayo ikaenda na maji. Bahati nilikuwa na nakala.

Sasa napitia list(g.triples((mji, RDFS.label, None))), nakagua o.language (alama ya lugha ya kila shamirisho), kisha nafuta ile ya "sw" pekee. Hiyo list() msiiache, ndiyo inayonakili matokeo kwanza. Kufuta huku unapitia grafu yenyewe ni kujitafutia balaa.

Idadi ya kata nayo ilinisumbua vivyo hivyo: Literal("5") si Literal(5), ya kwanza ni maandishi, ya pili ni namba.