Boila inapoteza presha kila baada ya siku mbili: niendelee kujaza maji au niite fundi?

MamaNasra
Habari zenu wapendwa. Nipo Leicester, Uingereza, nyumba ya kupanga, boila ya kombi (ile inayopasha radieta za nyumba na maji ya bomba) iko kabatini jikoni. Tangu wiki iliyopita naamka naikuta imezima, mshale wa presha uko chini ya bar 0.5. Mwenye nyumba aliwahi kunionyesha bomba la kujazia, kwa hiyo najaza hadi 1.3, inawaka. Kesho kutwa yake, yale yale. Radieta zote saba nimezipapasa kwa tishu, kavu kabisa. Nina mtoto wa miezi minne na nje kumeganda. Nifanyeje?

Mpemba_Reading
Pole dada. Angalia bomba la plastiki linalotoa maji ya boila nje. Langu liliganda, boila ikawa inakoroma kisha inazima. Nililimwagia maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, nikaiwasha upya.

FundiSele
Hilo la kuganda ni kweli, lakini halishushi presha. Dada, nijibu mawili. Radieta zikishapata moto, mshale unafika wapi? Na nje ukutani kuna kibomba cha shaba kilichopindwa kutazama ukuta. Kinadondosha?

MamaNasra
Nimetoka na tochi sasa hivi. Kinadondosha, tofali limelowa. Mshale unakaribia 3!

FundiSele
Basi maji yako yanapotelea hapo. Ndani ya boila kuna mtungi wenye upepo upande mmoja na maji upande wa pili, katikati mpira. Maji yakipata moto yanatanuka na kuusukuma ule mpira. Upepo ukiisha, hayana pa kwenda: presha inafika 3, valvu ya usalama inafunguka, yanamwagika nje. Boila ikipoa, yaliyobaki hayatoshi.

Kujaza mara moja kwa miezi kadhaa si neno. Kila siku mbili, hapana. Kila ukijaza unaingiza oksijeni mpya na radieta zinaliwa na kutu kwa ndani. Kifuniko cha boila usikiguse. Fundi atajaza upepo au abadilishe mtungi, na hiyo valvu huenda nayo akaibadilisha, maana ikishaanza kuvuja mara nyingi haifungi tena sawasawa.

Mwandikie mwenye nyumba leo, ujumbe ubaki. Sheria ya wapangaji ya 1985 inamtaka yeye ndiye atengeneze mitambo ya joto na maji moto, gharama si zako. Fundi akija, omba kadi ya Gas Safe, yaani ya mafundi walioandikishwa kushika mitambo ya gesi, igeuze nyuma usome kazi anazoruhusiwa. Asiye na kadi hiyo asiiguse, hata kama ni ndugu.

Na kwa sababu ya mtoto: bonyeza kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu, uone kama inalia. Gesi hiyo haina harufu. Niliwahi kuingia nyumba ambayo wote walidhani wana mafua, kumbe ni gesi hiyo. Kengele ikilia yenyewe, au vichwa vikiuma mkiwa ndani na kupoa mkitoka, zimeni boila, fungueni madirisha, tokeni, kisha mpige 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi. Hapo hakuna kusubiri asubuhi.

MamaNasra
Mwenye nyumba amejibu, fundi anakuja kesho saa tatu asubuhi. Kengele nimebonyeza, kimya. Baba Nasra ameshatoka kwenda kutafuta betri.