Mjadala: Dabstepu ya vifurushi, mwenye kazi ni nani?

Besi ya Makadara

Swali nalileta barazani lilivyo. Maprodyuza wengi wa Mombasa wanaopika dabstepu nzito (muziki wa dansi wa kompyuta unaoongozwa na besi) huanza na kifurushi cha sampuli: folda moja yenye mamia ya kiki na sneya (mapigo ya ngoma), miungurumo ya besi, vilio vya kupandisha, na lupu (vipande vya muziki vya kurudiwa-rudiwa) zilizokwisha kupikwa. Wanazipanga kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, wanatia limita (kizuizi cha sauti isizidi kiwango), kazi inapanda jukwaani kwa jina lao. Sasa kila penye mashindano ya vijana au pesa za kuinua wasanii, ugomvi ni ule ule: mtu wa vifurushi ashindane na anayeunda sauti zake kutoka sifuri, au kila mmoja apange foleni yake?

Msimamo wangu: sauti za pigo moja ruhusa, lupu za besi na za melodi marufuku. Kiki ni kiki. Mpishi wa biriani haulizwi kama mchele alilima yeye. Lakini mngurumo wa besi wa bari 4 (mapigo 16), wenye mwendo wake, vituo vyake na mgeuko wake mwishoni, huo si mchele. Hiyo ni sufuria nzima imetoka hotelini, wewe umetia kachumbari.

Na kupima ni rahisi. Kwa mapigo 140 kwa dakika, bari 4 ni sekunde 6.86, yaani vipimo vya sauti 302,400 kamili kwenye faili yenye vipimo 44,100 kwa sekunde. Chukua kazi mbili za watu wawili waliotumia lupu moja bila kuigusa, zianzishe pamoja, moja uipindue polariti (milima ya wimbi iwe mabonde). Lupu inajifuta. Kinachobaki ndicho chao.

Kijana wa Kisauni

Kaka, marufuku yako yanamuumiza nani? Asiye na mashine. Laptopu ya mtumba yenye GB 4 za RAM, ukiweka Serum moja (sinthi, yaani programu ya kuunda sauti) yenye osileta mbili (vyanzo vya mawimbi), kila moja unisoni ya 16 (nakala 16 za sauti moja), juu yake distoshani na riverbu, feni inalia kama tuktuk kwenye mlima. Ukiongeza ya pili na ya tatu, sauti inakatika-katika hata husikii ulichopanga. Faili ya WAV haiisumbui prosesa. Vifurushi havikuenea kwa sababu ya uvivu.

Tena muziki wenyewe ulizaliwa na vijana wasiokuwa na vyombo. Skream na Benga kule Croydon, kusini mwa London, miaka ya mwanzo ya 2000, walikuwa kwenye Fruity Loops, jina la zamani la FL Studio, programu ambayo wenye studio kubwa walikuwa wakiicheka.

Dada wa Ikolaiza

Kijana, hoja ya laptopu ina dawa. Unda sauti moja, igeuze faili, funga sinthi, unda ya pili. Vital, sinthi nyingine, ina toleo la bure tangu 2020. Mngurumo wa kawaida hauhitaji zaidi ya haya: osileta A wimbi la sine, osileta B oktava moja juu ikiisukuma A kwa FM (kuyumbisha masafa yake), LFO (wimbi la polepole la kuongoza) ya noti ya moja ya nane iendeshe kiasi cha FM kutoka 0 hadi asilimia 40 hivi. Kisha vichujio viwili vya ukanda, distoshani, kompresa ya kanda tatu. Rekodi bari 8 huku ukizungusha vitufe ovyo, halafu kaa na kisu: katika sekunde 14 hizo utapata vipande vitano au sita vya nusu sekunde vinavyofaa. Vingine takataka, vifute.

Vile vichujio viwili ndivyo mdomo wa besi. Weka kimoja Hz 300 na kingine Hz 800, besi inasema "u". Vipeleke hadi 700 na 1,200, imefungua mdomo, inasema "a". Ukivisogeza kutoka u kwenda a ndani ya robo pigo umepata "wa", ile "wa" inayowafanya watu wakunje nyuso. Kwa i, 300 na 2,300. Sisi tuna irabu tano safi, hatuna sababu ya kukosea hapa.

Na Besi, jaribio lako la kupindua polariti lafaa kwa faili ghafi tu. Kazi ikishapita kwenye limita, kiki ya mmoja inaibana lupu kwa namna yake na ya mwingine kwa namna yake, haziwezi kufutana. Utamwachia mwizi kwa kukosa ushahidi. Ukitaka kweli, mwambie afungue mradi wenyewe mbele ya waamuzi.

Besi ya Makadara

Hilo nimekubali. Mradi ufunguliwe.

Shehe Sabufa

Nyote mwazungumza kana kwamba kifurushi kikifunguliwa kazi imekwisha. Ndio kwanza yaanza, na hapo ndipo wengi huumbuka.

Chukua sneya. Dabstepu huipiga mara moja kwa bari, pigo la tatu, ndiyo sababu 140 yasikika kama 70. Pigo hilo moja labeba bari nzima, basi haliwi sampuli moja. Ni tabaka tatu: mwili wa Hz 200, mpasuko wa kati ya Hz 2,000 na 5,000, na mkia wa kelele wa milisekunde 250 hivi. Mtoto huzirundika tatu kutoka kifurushini, kila moja nzuri peke yake, kwa pamoja zasikika kama kadibodi. Kwa nini? Wimbi la Hz 200 huzunguka kwa milisekunde 5. Tabaka mbili zenye mwili huo zikipishana milisekunde 2.5, moja yapanda huku nyingine yashuka, zafutana. Dawa si kuongeza sauti. Vuta picha ya wimbi hadi uone milima, zilinganishe, au tabaka ya pili uikate kila kilicho chini ya Hz 400 ibaki mpasuko mtupu.

Sabu, besi ya chini kabisa, ndiyo kaburi la wengi. Lupu ya besi kutoka kifurushini mara nyingi huja na sabu yake ndani. Prodyuza haijui, aongeza sine yake mwenyewe chini. Sasa kuna noti F mbili za Hz 43.65 zisizoanza mahali pamoja. Kwenye visikizio vidogo hasikii tatizo kwa sababu hasikii sabu yenyewe. Afikishe kazi kwenye spika kubwa, besi yaogelea: noti hii nzito, ile imepotea. Kata lupu chini ya Hz 100, mteremko wa desibeli 24 kwa oktava, sine yako itawale peke yake.

Spika za kukodi za inchi 15 mnazozijua nyinyi, nyingi zaanza kuchoka chini ya Hz 50. F hiyo haitatoka ilivyo. Ichafue sine kidogo kwa sacharesheni ili itoe Hz 87 na 131. Sikio likizisikia hizo lajijazia 43 lenyewe. Hakuna kifurushi kitakachokufanyia hilo, kwa sababu aliyekitengeneza hajui waipeleka wapi.

Kwa hiyo mimi sioni haja ya kupiga marufuku lupu. Mwenye kuitumia vibaya atajulikana spika zikiwashwa.

Dada wa Ikolaiza

Shehe, naongeza moja kabla sijakupinga. Spika nyingi za barabarani hucheza mono (sauti moja, bila kushoto na kulia). Lupu za vifurushi hupanuliwa kushoto-kulia ili zikuvutie wakati wa kununua. Upana huo mara nyingi ni upande mmoja uliogeuzwa dhidi ya mwingine. Ukizijumlisha mono, mngurumo uliokuwa ukuta unakuwa kizingiti. Bonyeza kitufe cha mono kabla ya kununua, si baada ya kumaliza kazi.

Jingine ni ule ushindani wa sauti kubwa. Kiki ya kifurushi imeshapondwa na limita ya mwenyewe. Ukiiponda tena hadi kazi ifike −6 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), haina kichwa tena, ni tofali. Na Spotify inashusha hadi −14, yaani umeumiza ngoma ili ishushwe desibeli 8.

Sasa kukupinga. Spika hazitambui mwenye lupu. Lupu nzuri iliyokatwa vizuri italia vizuri, na bado si yake. Wewe wapima fundi mitambo, swali lilikuwa mtunzi.

Treasury Square

Nawaletea upande wa karatasi, kwa ufupi maana hapa ndipo watu husinzia.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hailindi jasho la kupakua. Muziki hulindwa pale juhudi za kutosha zilipotumika kuipa kazi sura yake ya kipekee. Panga sampuli 60 za pigo moja, mpangilio ni wako. Weka lupu moja chini na lupu moja juu, una kidogo sana cha kudai. Haki huja yenyewe kazi ikirekodiwa. Cheti cha KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi mzuri, lakini hakiigeuzi lupu ya watu kuwa yako.

Kifurushi nacho hununui sauti, wanunua ruhusa. Kwa kawaida ruhusa hiyo yasema: tumia kwenye muziki wako, uza muziki, hudaiwi mrabaha, ila usiuze wala kugawa sauti zenyewe zikiwa peke yake. Ruhusa ni ya mnunuzi. Haipandi kwenye flashi. Kijana, folda iliyozunguka kutoka Majengo hadi Likoni kwa flashi ina mwenye ruhusa mmoja tu, kama yupo.

Halafu kuna YouTube. Mfumo wake wa kutambua muziki na kudai haki, Content ID, hauruhusu udai kwa kutumia sauti ambazo wengine pia wana ruhusa nazo. Prodyuza akiisajili kazi yenye lupu tupu, mfumo unaanza kuwadai wote walionunua kifurushi hicho, nao wana haki ya kupinga. Hili huharibu akaunti.

Kijana wa Kisauni

Ya flashi nimesikia, sina la kusema. Lakini angalieni mnavyoichora mistari. Nikiinyoosha lupu nusu mwendo, nikaikata vipande 30, nikageuza 10 kinyume, nikavipitisha kwenye distoshani nikarekodi upya, bado ni lupu? Dada mwenyewe amesema kaa na kisu.

Besi ya Makadara

Kwa sharti langu la kwanza ingekatazwa. Nikiri hapo nilikaza mno. Tuseme hivi: waamuzi wafungue mradi, wasikilize lupu ya asili, wasikilize ilivyo sasa. Ikiwa mwendo wa asili bado unaimbika, ni ya watu. Ikiwa umebaki ukali wa sauti tu, ni malighafi. Na kuivuta juu noti 5 si kuibadilisha, ni kuikwaruza. Mdomo wa besi unasogea wote na vichwa vya mapigo vinalainika. Hilo hata mwenye usingizi atalisikia.

Mpiga Vumi

Nyinyi mwashindana nani ameiba kwa Wazungu. Mimi nauliza upande wa pili. Maprodyuza wa nje nao wataka sauti za Pwani, na kuna vijana wetu walioanza kurekodi vumi, chapuo, msondo, nzumari, kayamba za Wamijikenda, ili wafungashe vifurushi wauze. Hapo mwenye kazi ni nani?

Kwanza ufundi, maana mwaharibu. Chakacha yaenda kwa sita. Ukiitupa kwenye gridi (mistari ya mapigo kwenye programu) ya 16 kwa bari, programu ya kunyoosha mapigo yavuta kila pigo la pembeni hadi mstari ulio karibu, na chakacha yatembea kama askari. Gridi iwe ya 12 kwa bari. Kwa 140 kila hatua ni milisekunde 143. Hata hapo usinyooshe kila pigo, linyooshe la kwanza la bari tu. Nzumari nayo haikufungwa kwenye noti za piano. Mkiiandika faili "F maina" mwamdanganya mnunuzi, mkiivuta kwa otochuni (programu ya kunyoosha noti) mwamuua mpulizaji. Wala msirekodi noti moja moja. Mpulizaji apuliza bila kukata pumzi. Utamu uko njiani baina ya noti, si kwenye noti.

Pili, Gregory Coleman, mpiga ngoma wa bendi ya The Winstons, Marekani, mwaka 1969 alipiga pigo la ngoma la bari 4, sekunde 7 hivi. Limekatwa na kutumiwa katika maelfu ya nyimbo. Alikufa 2006 bila kupata mrabaha wa hayo. Basi sitaki kusikia ati kipande ni kidogo.

Treasury Square

Mzee wangu, hilo lina sheria yake, ya 2016, Namba 33, ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Anayetaka kuitumia sanaa ya jamii kibiashara nje ya mila apate kwanza ridhaa ya wenyewe, nao wakiwa wameelezwa itatumikaje. Tofauti na lupu ya duka, hapa ruhusa haitokani na mwenye maikrofoni. Na mpigaji ana haki yake mbali na ya jamii: kurekodi upigaji wake kwataka idhini yake. Wakiwa wapigaji wanne, sahihi ni nne. Kiongozi wa kikundi hawatilii sahihi wenzake kwa mdomo tu.

Shehe Sabufa

Basi na kurekodi kufuate hivyo hivyo. Kila ngoma maikrofoni yake, faili yake, ili ikiuzwa ijulikane ya nani imeuzwa. Vumi sentimita 20 kutoka ngozini na nyingine chini kwenye tundu, ya chini igeuzwe polariti, la sivyo besi yake yafutika kama zile sneya. Chumba kikavu, mazulia, bila riverbu. Anayenunua ataweka yake.

Kijana wa Kisauni

Na wanunuzi wakilalamika bei, kwamba kwingine kifurushi cha "ngoma za Afrika" kina sauti 500 kwa bei ya chai na mahamri?

Mpiga Vumi

Waende huko. Sauti ya vumi iitwayo "ngoma ya Afrika 07" hata aliyeipiga hawezi kuitafuta akaipata. Yetu iandikwe: vumi, Mji wa Kale, jina la mpigaji, mwaka. Herufi hazifiki 50, mwanangu, hata laptopu yako itazibeba.