Raundi ya mwisho London 2013: kanuni ilimwonea Kramnik?

Mwalimu wa Kete (Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Nina swali la mtoto linaloninyima usingizi.

Kila Jumamosi nafundisha sataranji kwenye baraza ya shule, watoto kumi na wanne, mbao saba. Juzi binti yangu mmoja wa miaka 12 alimaliza mashindano akiwa sawa kwa pointi na mwenzake. Kombe likaenda kwa mwenzake kwa kuwa ameshinda michezo mingi zaidi, ingawa alishafungwa mara moja. Binti hakufungwa hata mchezo mmoja. Njiani kurudi akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo kutofungwa si kitu?"

Nikamsimulia London, tarehe 1 Aprili 2013, siku ya mwisho ya kumtafuta wa kupambana na bingwa wa dunia wa wakati huo, Viswanathan Anand. Wachezaji wanane, raundi 14. Baada ya raundi 13, Magnus Carlsen na Vladimir Kramnik wote wana pointi 8.5 (ushindi ni pointi moja, sare nusu). Carlsen ameshinda mitano na kufungwa mmoja. Kramnik ameshinda minne, hajafungwa. Wao kwa wao walitoka sare mara zote mbili, hivyo kigezo kilichofuata kilikuwa idadi ya ushindi, na hapo Carlsen yuko mbele. Jioni ile wote wawili wakafungwa! Carlsen alifungwa na Peter Svidler, tena akiwa na nyeupe, yaani akianza yeye. Kramnik alifungwa na Vassily Ivanchuk. Wakabaki na 8.5 zao, akaenda Carlsen.

Mtoto akanyamaza, kisha: "Basi Kramnik naye alionewa." Sikuwa na jibu. Ninyi mnasemaje?

Ngome ya Kale
Shikamoo Mwalimu. Mimi nasema hakuonewa. Kanuni ilijulikana kabla kete ya kwanza haijaguswa. Kramnik alitoka sare michezo yote saba ya duru ya kwanza. Saba! Huwezi kukaa kitako nusu ya mashindano halafu ulalamike kwamba mwenzako alishinda zaidi. Carlsen alikuwa anatafuta ushindi hata pale ambapo wengine wangepeana mikono. Katazame raundi ya 13 alivyombana mshindani mwingine, Radjabov, yeye akiwa na nyeusi, kwa hatua 89. Kafungwa mara mbili, sawa, lakini alithubutu. Mwambie huyo binti asiridhike na sare.

Farasi Mweusi
Ngome, hapo kwenye kukaa kitako sikubaliani nawe. Sare saba za Kramnik hazikuwa za kupeana mikono mapema, mingine alikuwa juu na ushindi ukamponyoka. Duru ya pili aliamka akashinda minne.

Mwalimu, jibu lako limo kwenye hatua za kwanza za mchezo wake na Ivanchuk. Kramnik anajua wakimaliza sawa Carlsen anapita, kwa hiyo lazima apate matokeo bora kuliko yeye. Na nani angedhani Carlsen atafungwa na nyeupe? Basi Kramnik, mtu ambaye mwaka 2000 alimnyima bingwa Kasparov hata ushindi mmoja katika mji huohuo, akacheza ufunguzi wa nyeusi uitwao Pirc: unamwachia mwenzako katikati yote ya ubao ukitarajia kumvizia baadaye. Ni silaha ya mtu anayehitaji ushindi kwa lazima. Carlsen alipofungwa, sare peke yake ingemtosha Kramnik, ila nafasi yake ilikuwa imeshaharibika. Kanuni haikumnyang'anya pointi jioni ile, ilimchagulia namna ya kucheza tangu asubuhi.

Halafu Ivanchuk! Mashindano yale alipoteza michezo mitano kwa kuishiwa muda, akamaliza wa saba, lakini amewafunga Carlsen na Kramnik wote wawili katika raundi tatu za mwisho. Watoto wasimuliwe huyo pia.

Mwalimu wa Kete
Marahaba, Ngome. Ahsanteni nyote. Farasi, umenifungua macho. Mimi nilikuwa nahesabu pointi tu, sikuwaza kwamba kanuni inakaa na mchezaji pale mezani anapochagua hatua ya kwanza.

Ngome, nakuelewa, ila kwa mtoto wa miaka 12 sitasema sare ni uvivu. Binti yangu katika raundi ya nne alikuwa amepungukiwa kete nzima ya ngome, akashikilia mpaka mwenzake akakosa pa kumbana. Ile sare ilikuwa na jasho kuliko ushindi wake wote.

Nami nafurahi kwamba wakubwa wenyewe waliiacha kanuni ile kwa nafasi ya kwanza. Toronto 2024, siku ya mwisho ya mashindano kama yale ya London, Gukesh wa India akiwa na miaka 17 alipata sare na Nakamura akafika pointi 9, kisha ikabidi asubiri Caruana na Nepomniachtchi wamalize. Mmoja wao angeshinda, angemfikia, na wangerudi mezani kwa michezo ya haraka. Wale wawili walicheza hatua 109 na hakuna aliyeshinda. Kama ni kutenganishwa, basi watu watenganishwe hivyo, kwa kucheza.

Nimeshawaandikia waandaaji wa mashindano yetu kuomba mwakani wanaolingana pointi kileleni wacheze tena, hata dakika kumi kila mmoja. Jumamosi tutaupanga mchezo wa Ivanchuk na Kramnik ubaoni. Binti atashika nyeusi, nami nitamsimamisha kwenye hatua ya kwanza nimuulize yeye angecheza nini.