Mjadala: Je, Ufilipino iondoe marufuku ya mwajiri wa nje kuajiri moja kwa moja?

Mwendesha mjadala
Swali la leo ni la Ufilipino, ila muuguzi au fundi wetu yeyote anayesaka viza ya kazi yenye mdhamini ataliona linamgusa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Kazi ya nchi hiyo, ya mwaka 1974, kinamkataza mwajiri wa nje kumchukua Mfilipino bila kupitia wakala mwenye leseni au chombo cha serikali. Walioachwa huru ni balozi, mashirika ya kimataifa na wale ambao waziri amewapa kibali. Mtaalamu aliyejipatia kazi mwenyewe kwa usaili wa mtandaoni inabidi aombe kibali hicho. Je, katazo hili bado linamlinda? Karibuni, na kila anayekuja aje na hoja yenye ushahidi.

Wakili wa Kazi
Libaki. Watu wanatazama ada ya wakala wanasahau dhima yake. Sheria ya wafanyakazi wahamiaji ya 1995, RA 8042, ilipita miezi michache baada ya Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani Mfilipino, kunyongwa Singapore. Ndani yake wakala wa Manila na mwajiri wa ng'ambo wanadaiwa kwa pamoja, na mmoja wao anaweza kulipishwa deni lote. Mhandisi akifukuzwa Riyadh bila sababu katika mwezi wa sita wa mkataba wa miaka miwili, hana haja ya kumfuata mwajiri Saudia. Anafungua madai nyumbani kwao, kwenye tume ya migogoro ya kazi (NLRC), na anamdai wakala.

Anadai kiasi gani? Bunge lilitaka kumwekea kikomo cha mshahara wa miezi mitatu kwa kila mwaka uliobaki. Mahakama ya Juu ilikikataa kikomo hicho mwaka 2009, Bunge likakirudisha 2010, mahakama ikakifuta tena 2014. Kwa hiyo anadai mshahara wa muda wote uliobaki. Na pa kuanzia kulipwa papo, kwa sababu kanuni za 2016 zilimtaka wakala aweke benki amana ya peso milioni moja. Sasa huyu aliyeajiriwa moja kwa moja, Manila atamshtaki nani?

Ajira Ng'ambo
Wakili, dhima hiyo siipingi. Lakini fuata faili la anayeomba kibali uone linavyokwenda.

Linaanzia nchi anakokwenda. Mkataba, leseni ya biashara ya mwajiri na barua yake ya kukubali wajibu hupelekwa MWO, ofisi ya kazi iliyo ubalozini, vikahakikiwe. Humo lazima iwemo tiketi ya kwenda na kurudi, makazi na chakula au posho badala yake, sababu halali za kuachishwa kazi, na gharama za kurudisha mwili ikitokea kifo. Mkataba uliohakikiwa unarudi Manila, unaingia wizara ya wafanyakazi wahamiaji (DMW) pamoja na pasipoti, viza na vyeti vya taaluma. Ukipita, ndipo inafuata semina ya kabla ya safari, kupimwa afya kwenye kliniki iliyoidhinishwa, ada ya OWWA (chombo cha serikali cha ustawi wa wafanyakazi wa ng'ambo) ya dola 25, na mwisho OEC, cheti cha kutokea nchini. Hicho nacho kinaisha baada ya siku 60.

Faili linapokwama ni hapa: viza inatakiwa iwe mkononi kabla ya kibali. Maana yake mwajiri ameshalipia kila kitu, tarehe ya kuripoti imeshapangwa, na wizara ndiyo kwanza inalifungua faili. Mwajiri mdogo, tuseme kliniki ya meno yenye madaktari watatu, anadaiwa nyaraka ambazo hajawahi kuzisikia. Jina la biashara kwenye leseni likipishana na lililo kwenye mkataba, faili linarudishwa. Na kwa kanuni za 2016, mwajiri wa mara ya kwanza anaruhusiwa wataalamu wasiozidi watano kwa njia hii. Wa sita anamlazimu atafute wakala.

Matokeo yake mtu anakata tiketi ya Hong Kong kama mtalii, akifika huko aunganishe safari. Ofisa uhamiaji wa Manila akimtilia shaka, anashushwa: tiketi imepotea, na kazi inaweza kupotea nayo. Akipenya, ametoka bila mkataba uliohakikiwa na bila bima. Marufuku iliyowekwa kumlinda imemsukuma nje ya ulinzi wote.

Binti Kisauni
Kaka, hiyo bima ni ipi? Na aliyeajiriwa moja kwa moja hulipiwa na nani?

Wakili wa Kazi
Dada, ni ya RA 10022 ya mwaka 2010, sheria iliyoirekebisha ile ya 1995. Kifo cha ajali si chini ya dola 15,000, kifo cha kawaida 10,000, ulemavu wa kudumu 7,500, na dola 100 kwa mwezi hadi miezi sita kwa anayeendesha kesi dhidi ya mwajiri huko huko ng'ambo. Aliyepitia kwa wakala analipiwa na wakala, na ni kosa kumkata. Aliyeajiriwa moja kwa moja anamwomba mwajiri, au anajilipia. Ndiyo maana ninasema libaki.

Mdau Muscat
Wakili, huku Ghuba wapo waliokuja kwa wakala mwenye leseni na bado wakaumia. Sheria inasema ada isizidi mshahara wa msingi wa mwezi mmoja, ilipwe mkataba ukishasainiwa, na kwa risiti. Basi ada inagawanywa: kidogo kinaandikwa ada, kingine mafunzo, kingine kupimwa afya kwenye kliniki ile ile moja aliyoelekezwa, na asiye na pesa anapelekwa kwa mkopeshaji rafiki wa wakala. RA 10022 imekataza yote hayo kwa maneno ya wazi: kumlazimisha mtu kliniki moja, chuo kimoja au mkopeshaji mmoja, na kumpangia mkopo wenye riba inayozidi asilimia 8 kwa mwaka. Lakini bila risiti atathibitisha nini?

Halafu kuna mkataba wa pili. Anafika, anawekewa mezani karatasi nyingine yenye mshahara mdogo na cheo tofauti, anaambiwa asaini ndipo kibali cha ukaazi kishughulikiwe. Kwa RA 8042 kubadili mkataba uliohakikiwa ni sawa na uajiri haramu. Ushauri wangu kwa yeyote: mkataba uliohakikiwa uwe na nakala kwa ndugu nyumbani na nyingine kwenye barua pepe, maana ndio utakaobishaniwa siku ya madai. Na usisaini cha pili kabla ya kukipiga picha.

Muuguzi Tanga
Naomba tuzungumzie Uingereza pia, kwa sababu huko wakala haruhusiwi kumtoza mfanyakazi hata senti, na bado watu wanafungwa na deni. Mwajiri anatangulia kulipa: mtihani wa kompyuta wa usajili wa uuguzi pauni 83, mtihani wa vitendo wa OSCE pauni 794, viza, tiketi, nyumba ya mwanzo. Kisha anaandika kifungu cha marejesho, kwamba ukiondoka kabla ya miaka miwili au mitatu, unarudisha.

Kifungu hicho kisomwe mstari kwa mstari. Kinataja kila gharama na kiasi chake, au jumla tu? Deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linabaki lile lile hadi siku ya mwisho? Ukifukuzwa wewe, unalipa? Tozo ya ujuzi ya uhamiaji, ile mwajiri anayoilipa serikali kwa kumdhamini mtu wa nje, hairuhusiwi kabisa kumrudia mfanyakazi. Tangu 31 Desemba 2024 pia mwajiri hawezi kumdai ada ya leseni yake ya udhamini wala ya cheti cha udhamini. Ukiviona vimo kwenye hesabu, vikatae kwa maandishi.

Na kumbukeni, kazi ikikatika kwa kawaida unabaki na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Mtu mwenye siku 60 na deni la maelfu ya pauni habishani na msimamizi wa wodi. Hilo halirekebishwi na Kifungu cha 18, libaki au lifutwe. Mhakiki wa MWO anaona alicholetewa tu; karatasi ya marejesho ikisainiwa baadaye hakuiona.

Ajira Ng'ambo
Dada umenipa hoja. Marekani ni hivyo hivyo. Muuguzi wa EB-3, viza ya ukaazi inayotokana na ajira, anaondoka kama mkaazi wa kudumu, hivyo anajiandikisha CFO, tume ya Wafilipino walio ng'ambo, na haombi OEC. Yumo kwenye kundi linalotafutwa sana, na OEC haimhusu. Aliyewatetea wauguzi waliobanwa New York alikuwa jaji wa huko huko: mwaka 2019 mahakama ya shirikisho ilisema kifungu cha kuwatoza wauguzi Wafilipino dola 25,000 wakiacha kazi mapema ni adhabu inayovunja sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa watu.

Wakili wa Kazi
Kesi iliyofunguliwa 2017. Miaka miwili na zaidi kabla ya hukumu hiyo, tena kwa watu waliokuwa na ukaazi wa kudumu. Wa Jeddah mwenye viza iliyofungwa kwa mwajiri mmoja atasubiri wapi?

Binti Kisauni
Wakili, mbona kuna njia ya katikati? Kwetu Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 ina sehemu nzima ya mikataba ya nje: inathibitishwa na ofisa wa kazi, na mwajiri asiye mkaazi, au wakala wake aliye nchini, huweka dhamana. Wafilipino wafute sharti la wakala kwa wataalamu, uhakiki wa mkataba ubaki, kibali kitolewe kwa barua ya ajira kabla ya viza, na mwajiri aweke dhamana Manila.

Wakili wa Kazi
Hapo nakubali kusogea, kwa sharti kwamba dhamana iwe pesa taslimu benki na NLRC iwe na mamlaka ya kuikamata.

Ajira Ng'ambo
Basi tubaki na kiasi. Mahakama imeshasema mfanyakazi anadai mshahara wote uliobaki. Dhamana ya miezi mitatu haimtoshi aliyefukuzwa mwezi wa sita wa mkataba wa miaka miwili. Ukidai miezi 18, ile kliniki ya meno itaajiri kutoka nchi nyingine. Wakili, wewe ungeandika miezi mingapi?