Naombeni ushauri: albamu gani za hip hop nizitetee redioni bila kuumbuka?

Kihonda Mwisho wa Lami:

Wakuu salaam, wakubwa zangu shikamooni.

Najitolea kwenye redio moja ndogo hapa Morogoro, jina naomba nilihifadhi. Jumamosi hii nimepewa dakika 45 nizungumzie albamu tatu "zilizobadilisha hip hop", na simu za wasikilizaji zitakuwa wazi. Nikachagua Illmatic ya Nas, The Chronic ya Dr. Dre na Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay. Nikajiona nimemaliza kazi.

Dada ninayetangaza naye akaipitia orodha, akaniuliza: "Zimebadilisha nini?" Nikamjibu ni albamu kali. Akasema, "Hata pilipili ni kali." Nikakosa la kusema mbele ya fundi mitambo, akacheka mpaka akavua hedifoni.

Yeye anataka tuchague kwa mauzo, maana mauzo yana namba na namba haibishaniwi. Mimi moyo unakataa ila hoja sina. Naombeni kipimo ambacho mtu akipiga simu kunikoromea nitasimama nacho. Nini kinaifanya albamu iwe ya kibunifu, na nini kinaifanya iwe na ushawishi?

Kandambili Moja:

Weka 2Pac zote tatu ukalale.

Kihonda Mwisho wa Lami:

Mkuu nimeomba ushauri, sijaomba kura.

Mama Santuri:

Marahaba mwanangu. Huyo dada mheshimu, kakuuliza swali la msingi.

Umefunga maswali mawili kwenye kanga moja. Ubunifu ni alichofanya msanii mwenyewe, na huo unautafuta ndani ya albamu. Ushawishi ni walichofanya wengine baada ya kuisikia. Huo hata uirudie albamu mwaka mzima hutauona humo, nenda kautafute kwenye kazi za watu wengine. Na mara nyingi hivi viwili havikai nyumba moja. T-Pain alikuwa anaimba na Auto-Tune, ile programu inayoifanya sauti iwe kama ya mashine, tangu albamu yake ya 2005, watu wakamcheka kama katuni. Novemba 2008 Kanye West akatoa 808s & Heartbreak, albamu nzima ya kuomboleza kwa sauti ya mashine juu ya ngoma za kielektroniki za Roland TR-808. Aliyetangulia ni T-Pain. Lakini Februari 2009, miezi mitatu tu baadaye, Drake akatoa So Far Gone, na humo ndani kachana juu ya biti ya "Say You Will" ya Kanye, biti ileile. Huo ni ushahidi unaoweza kuucheza hewani: unapiga ya kwanza sekunde ishirini, unapiga ya pili sekunde ishirini, unanyamaza.

Kwa hiyo kipimo changu mimi: nitajie mtu aliyebadili kazi yake kwa sababu ya albamu hiyo. Ukishindwa kumtaja, hapo hujaleta hoja, umeleta mapenzi yako.

Kuhusu mauzo: albamu ya Vanilla Ice ya 1990, To the Extreme, iliuza zaidi ya nakala milioni saba Marekani peke yake na ikakaa namba moja wiki 16. Illmatic ilitoka Aprili 1994 na haikupata hata dhahabu, cheti cha nakala laki tano, mpaka 1996. Muulize huyo dada, leo nani anachana kama Vanilla Ice?

Kandambili Moja:

Mama kaua 😂 Vanilla Ice apumzike.

Mkongwe wa Kaseti:

Polepole jamani. Mama Santuri nakuheshimu, lakini kwa Vanilla Ice hapo umeteleza, na umeteleza nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J alichukua biti ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice akaweka maneno ya Kiswahili juu yake. Ninyi wadogo hamuwezi kuelewa ilikuwaje. Tulikuwa tunakariri mistari ya Wamarekani bila kujua tunasema nini, mtu anatingisha kichwa kwenye tusi. Halafu ghafla unasikia rap na unaielewa! Kuna watu mtaani kwetu walisema hiyo siyo rap kwa sababu inaeleweka.

Nikitumia kipimo chako mwenyewe, mtu aliyebadili kazi yake yupo, na nyuma yake mlango ukafunguka nchi nzima. Kwa hiyo Vanilla Ice, mzungu anayechekwa kwao, ana mkono kwenye mwanzo wa rap ya Kiswahili. Kwa ukali au kwa ubunifu wake? Hapana. Biti ilikuwa mkononi, na kila mtu alikuwa anaijua.

Ndiyo maana kijana, kabla ya kupima lazima useme ushawishi kwa nani.

Mama Santuri:

Kaka yangu, hapo nimenyoosha mikono. Sikuiwaza kabisa.

Fundi Vitufe:

Mimi napika biti, naomba niongee upande wa jikoni maana mnakaa sana kwenye mistari.

Kuna albamu zina ubunifu mkubwa halafu hakuna aliyeweza kuzifuata, na sababu ni wanasheria. Chukua kundi la Public Enemy, It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back, 1988. Timu yao ya maprodyuza, Bomb Squad, walikuwa wanapandanisha vipande vya santuri za watu kimoja juu ya kingine mpaka wimbo mmoja unakuwa ukuta wa kelele wenye mdundo ndani. Ving'ora, miluzi ya saksafoni, hotuba. Mwaka uliofuata kundi la De La Soul nao wakafanya mambo yao kwa njia hiyohiyo ya sampo, yaani kukata kipande cha rekodi ya mtu na kukitumia kwenye wimbo wako, ila wao kwa utani na furaha.

Desemba 1991 rapa Biz Markie akashindwa kesi New York kwa kutumia kipande cha wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Jaji aliianza hukumu yake kwa amri ya Biblia, usiibe, na akaizuia albamu isiuzwe. Kuanzia hapo kila kipande kinataka karatasi. Na sampo moja inataka ruhusa mbili: ya mwenye rekodi, na ya mwenye utunzi. Sasa wewe una vipande kumi na kitu kwenye wimbo mmoja, utawalipa wangapi ubaki na nauli? Ule ufundi ukafa ukiwa bado kijana. Albamu za mwanzo za De La Soul hazikuingia kwenye majukwaa ya kusikiliza mtandaoni mpaka Machi 2023, na sababu kubwa ilikuwa hizo hizo sampo.

Halafu angalia The Chronic, Desemba 1992, mwaka mmoja baada ya hukumu. Dre alipunguza sampo, akaita wanamuziki wakapiga upya ile fanki ya bendi ya Parliament-Funkadelic, besi mkononi kwa Colin Wolfe, na ile sinthi (kinanda cha umeme) nyembamba inayolia kama mluzi wa usiku. Ukipiga upya unamlipa mtunzi, mwenye rekodi humgusi. Sauti inakuwa safi na inapumua, tofauti na ule ukuta wa Bomb Squad. Miaka kadhaa mbele nusu ya California ilikuwa inalia mluzi huo. Kundi la Above the Law wamekuwa wakidai kwamba mtindo huo wao ndio waliuanza, na hawabwabwaji tu, walikuwa karibu na Dre. Lakini Mama kashasema, aliyeanza na aliyefuatwa si lazima wawe mtu mmoja.

Kihonda, hiyo Chronic ibakize. Ila usiitetee kwa kusema ni kali. Sema ilionyesha watu namna ya kutoka kwenye mtego wa sampo.

Kihonda Mwisho wa Lami:

Fundi, hii peke yake inakula dakika 15. Na Illmatic je? Naipenda kuliko zote, msiniue.

Fundi Vitufe:

Illmatic kwa uandishi ni kilele, ila vina vya ndani ya mstari rapa Rakim alishavimwaga 1987. Usiseme Nas alivianzisha, utapigiwa simu na mzee mwenye hasira.

Kitu kipya ni jinsi ilivyojengwa. Kabla ya hapo albamu kwa sehemu kubwa ilibebwa na prodyuza mmoja au kundi moja. Kijana wa miaka 20 kutoka Queensbridge, New York, akapikiwa na DJ Premier, Pete Rock, Large Professor, Q-Tip na L.E.S., nyimbo kumi pamoja na utangulizi, mgeni wa kuchana mmoja tu, AZ. Baada yake rapa wa New York kukusanya maprodyuza wakubwa kwenye albamu moja ikawa ndiyo desturi. Na hata Nas mwenyewe wamekuwa wakimpima kwa albamu hiyo kila anapotoa nyingine, maskini.

Nje ya Dando:

Wasee wa Bongo, sasa mbona mnaongea albamu albamu? Huku Nairobi kilichotubadilisha kilikuwa ngoma moja. Kundi la Kalamashaka, "Tafsiri Hii". Mabeshte wangu wote walikuwa wanarap kizungu na accent ya televisheni. Hawa wasee wa Dandora wakaja na Kiswahili cha mtaa, shida za mtaa, hakuna kuomba msamaha. Albamu yao ilikuja baadaye, na nikuambie ukweli, wengi walioguswa na ile ngoma hawakuwahi kuinunua. Kundi la Ukoo Flani, wote waliokuja nyuma, walipitia hapo.

Kwa hivyo kaka, ukienda redioni na albamu tatu, angalau sema kwamba kwetu wimbo mmoja kwenye matatu umefanya kazi ambayo albamu nzima haikufanya.

Kandambili Moja:

Kwa kipimo chenu basi kila takataka iliyoigwa ni muhimu? Kuna mitindo imeigwa na vijana elfu na wote wabovu.

Mama Santuri:

Ndiyo, ni muhimu. Hatujasema ni nzuri. Mafua nayo yana ushawishi.

Mkongwe wa Kaseti:

Hamjagusa ya Profesa Jay na kijana anatangazia Morogoro! Mikumi si iko mkoani kwenu?

Machozi, Jasho na Damu, 2001, pale studio ya Bongo Records kwa prodyuza P-Funk. Humo ndimo ilimo "Ndiyo Mzee": Jay anavaa sauti ya mgombea, anaahidi mambo ambayo hata malaika angeomba muda wa kujipanga, na umati unaitikia. Maneno makali kwa serikali Mr. II alishayasema kabla, "Hali Halisi" ya 1998 tulikuwa tunaisikiliza kwa sauti ya chini. Jay hakulalamika. Aliigiza. Unacheka, halafu katikati ya kicheko unajitambua uko kwenye huo umati.

Baba yangu alikuwa anaita rap kelele za wavuta bangi. Huo wimbo ulipopita redioni alinyamaza mpaka mwisho, akanipa hela nikamnunulie kaseti. Nilidhani ananitega. Nikamletea, akaificha kabatini kwake pamoja na za Marijani, ukitaka kuisikiliza unaomba. Kwa kipimo cha Mama utaniambia baba siyo msanii, hakubadili kazi yoyote. Mimi nasema msikilizaji naye ahesabiwe. Muziki uliokuwa wa watoto ukaingia kabati la mzee, na mzee ndiye mwenye redio.

Halafu mwaka 2015 mgombea wa kwenye wimbo akapanda jukwaani kweli, Jay akawa mbunge wa Mikumi. Mwenzake Sugu, ndiye huyo Mr. II, alishatangulia 2010 kule Mbeya Mjini. Ukilisema hilo simu za Kilosa hazitakata, jiandae na maji ya kunywa.

Mama Santuri:

Kabati la mzee nimelikubali. Kanuni yangu nimeilegeza, ila kwa baba yako tu.

Kihonda Mwisho wa Lami:

Wakuu, nimerudi. Nimempelekea dada mpango mpya. Naanza na biti ya "Ice Ice Baby" sekunde kumi bila kusema neno, watu wacheke, halafu naingiza Saleh J. Hapo nauliza: ushawishi kwa nani? Kisha The Chronic na habari ya hukumu. Kisha Profesa Jay. Illmatic nimeitoa, imeniuma kama kung'oa jino, nafasi yake nimempa Kanye na Drake kwa sababu ya ule ushahidi wa sekunde ishirini. Kalamashaka nitaifungia kipindi ili yule wa Nairobi asije kunilaani.

Dada kasoma akasema, "Haya, sasa twende." Ila bado anataka nitaje mauzo ya Vanilla Ice. Nimemwachia hilo aseme yeye.

Tatizo lililobaki: Saleh J ninayoipata mtandaoni inakwaruza mno, haifai hewani. Kuna mwenye safi?

Mkongwe wa Kaseti:

Ninayo, niliidurufu kwa jirani zamani hizo. Upande B utepe umelika, upande A uko vizuri.

Kihonda Mwisho wa Lami:

Mzee wangu! Unaweza kuiweka kwenye basi, nikaipokee Msamvu?

Mkongwe wa Kaseti:

Kaseti hiyo haipandi basi bila mimi. Niambie Jumamosi saa ngapi.