Wanafizikia, hiki kidonge cha fyusheni kilikuwa kinashindikana wapi?

Mwalimu_Kisauni
Asalaam aleikum. Nasomesha fizikia sekondari, wanafunzi wameniuliza swali nikakwama. Kule NIF, maabara ya leza ya California, leza 192 zinabana kidonge cha milimita 2 hivi ili viini vya haidrojeni ya ndani viungane, ndo fyusheni yenyewe. Mtambo ulikamilika 2009 lakini ni mpaka tarehe 5 Disemba 2022 ndo nishati iliyotoka, megajuli 3.15, ikazidi ile 2.05 ya leza. Sasa na nguvu zote hizo, tatizo lilikuwa wapi?

BintTudor
Waaleikum salaam mwalimu. Nguvu si shida sana, shida kubwa ni uso wa kidonge. Jaza gilasi maji, ifunike na karatasi ngumu uipindue, hayamwagiki manake hewa inayasukuma toka chini na yaweza kubeba hata mita 10 za maji. Sasa vuta karatasi. Hewa ni ileile, maji chwaa! Uso wake una vijiwimbi, palipoinama panazidi kuinama na hewa inapenya kwenda juu. Chepesi kikisukuma kizito ndo huwa hivyo, mwanafizikia Rayleigh aliliandika 1883, mwenzake Taylor akaliendeleza 1950. Kwenye kidonge, leza zinapiga ndani ya kopo dogo la dhahabu lenye kidonge katikati, zinatoka eksirei zinaunguza ganda, mvuke wake mwepesi unasukuma ganda zito kwenda ndani, na kila kikwaruzo kinakua mpaka vipande vya ganda vinaingia kati kwenye fueli, ile haidrojeni, vinapoza joto.

Mwalimu_Kisauni
Nimefahamu sasa, shukran dada. Na wanazuiaje?

BintTudor
Ganda la almasi wanalisugua likawa laini mno, na mrija wa kujazia fueli, ambao wenyewe ni kasoro, wakaupunguza toka mikroni 10 mpaka 2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Halafu 2013 wakaongeza ukali wa pigo la kwanza la leza, kasoro zikapungua kukua ila kidonge nacho hakibaniki sana kama mwanzo, kwa hiyo kila hatua ina bei yake.

Fundi_Likoni
Mwalimu ongeza hii darasani, mdomo wa gilasi ufunge na kipande cha neti ya mbu ukikaze na raba, jaza maji, funika, pindua, vuta karatasi taratibu. Maji yanabaki! Vile vitundu havipi vijiwimbi nafasi ya kukua. Kwenye kidonge kazi kama hiyo inafanywa na kule kuungua kwenyewe, vijiwimbi vifupi vinaliwa kabla havijakua, vile virefu ndo vinavyosumbua. Weka beseni chini, na gilasi usiinamishe hata kidogo.